Mwaka wa Keki ya Boksi

Tulipomzika yaya Neema ilikuwa inanyesha ile mvua ya London isiyonyesha wala kuacha, na watoto wake walitushikia sisi wazee miavuli kana kwamba tungeyeyuka. Yaya, kwetu Uvira, ni ndugu yako mkubwa, na huyu alikuwa wangu wa pekee. Tukarudi nyumbani kwake Lewisham kukaa matanga. Wanawake wa kanisa wakashika jiko, wanaume wakashika viti, na shemeji yangu Safari akashika ukimya. Alikaa kwenye kochi la karibu na dirisha. Akaletewa chai, ikapoa. Akaletewa nyingine, ikapoa nayo. Tangu makaburini hakuna aliyesikia sauti yake. Ndipo binti yao Riziki, mtoto aliyezaliwa hapa hapa, ambaye ukimsemesha Kiswahili anaelewa chote na kukujibu Kiingereza kitupu, akaja kuninong'oneza kwa hicho Kiingereza chake: "Anko, ni kweli mama aliolewa kwa sababu ya filamu?" Nikamwambia ni kweli tupu. Akauliza ni filamu gani. Nikamwambia ni ya zamani, haina rangi, ya kuchekesha, ilitengenezwa Waingereza wakiwa vitani na mabomu yakiwaangukia vichwani. Akatoa simu, akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu keki na handaki, na kabla sijamaliza kikombe changu akanionyesha picha. Eh Mungu! Yule bibi harusi, na gauni lake, na macho yake makubwa kama visahani. Nilikuwa nimedhani nimebaki peke yangu duniani ninayemkumbuka. Riziki akasema tutaitazama wote siku ya kumaliza matanga, na mimi nikajikuta nimerudi katika mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii.

Mwaka huo sikuwa na mvi hata moja, na Kiingereza changu kilikuwa "yesi" na "sori," tena nilikuwa nikivichanganya. Tuliishi Thornton Heath, yaya na mimi, katika chumba kimoja juu ya duka la viazi vikuu na nywele za kushonea. Kitanda kilikuwa chake. Godoro langu mchana lilisimama ukutani kama mgeni aliyekosa kiti, na dirisha lilikuwa limepakwa rangi hadi likagoma kufunguka, kwa hiyo tukipika ndagala, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, nyumba nzima ilijua, na duka lilijua, na nadhani wateja wa duka walikwenda na habari hizo hadi kwao. Yaya alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, shifti juu ya shifti. Mimi nilisafisha ofisi za watu ambao sikuwahi kuwaona, niliona vikombe vyao tu. Jumapili tulipanda basi kwenda kanisani Lewisham, na baada ya ibada Safari alikuja kwetu kula. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Safari hakuwa msemaji hata wakati huo. Mkate ndio uliomsemea. Aliuleta ungali moto kifuani mwake ndani ya koti, akauweka mezani mbele ya yaya, akakaa. Mkate mweupe, mkate wa zabibu, mkate wa kusukwa kama nywele. Yaya alikuwa akisema, "Asante, baba," anaukata, anampa kipande kikubwa kuliko changu, nami nilijua mambo hayo yanaelekea wapi.

Kumbe hayakuwa yanaelekea popote. Jumapili moja nilikuwa ngazini nimebeba sufuria ya bugali, ndio ugali wetu, kutoka jiko la pamoja, nikamsikia Safari akisema maneno mengi kuliko niliyopata kumsikia akisema tangu nimjue. Bosi wake alikuwa anafungua kiwanda kingine mbali huko Uskoti na anamtaka yeye akakishike, na Krismasi ikifika awe amehamia. "Neema, nimekuomba mara nyingi. Naomba tena. Ukikubali, hakuna Uskoti, nitamwambia atafute mwingine. Ukikataa nitakwenda, kwa sababu siwezi kukaa mji mmoja na wewe hivi hivi." Kisha yaya akasema taratibu kabisa, "Harusi yangu ilishaanza, Safari. Haijaisha. Ukiniketisha tena mbele za watu nimevaa nyeupe, nitawaua tena." Nilisimama pale ngazini na sufuria inaniunguza vidole, sikuthubutu kuingia.

Lazima nieleze. Yaya alikuwa ameolewa nusu. Uvira, mchana kweupe, amekaa kwenye kiti cha mbele na gauni la kukodi, mchungaji anafungua kinywa aseme amina, risasi zikalia upande wa soko. Watu wote walikimbia. Bwana harusi akakimbilia ziwani, yaya akakimbilia mlimani, na hawakuonana tena. Baadaye sana ndipo tulipopata habari kwamba kijana wa watu alikufa siku ile ile. Yaya alikimbia na sufuria ya wali wa harusi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na wali ule ulilisha kila tuliyemkuta njiani. Na mimi? Mimi nilibeba kiti. Kiti! Cha plastiki! Nilipanda nacho mlima mzima. Yaya alinicheka kwa kile kiti miaka yote, hata siku za njaa, hata kambini; ni kitu kimoja tu cha siku ile alichokubali kukitaja. Mengine aliyafunga. Na ndani ya hayo aliyoyafunga alikuwa ameweka neno moja, kwamba watu walikufa kwa sababu yeye aliwakusanya mahali pamoja. Umwambie nini mtu wa namna hiyo? Mchungaji alijaribu. Mama Sifa, kiongozi wa kwaya, mwanamke asiyeshindwa na jambo, alijaribu akashindwa.

Ukumbi wetu wa ibada haukuwa wetu. Ulikuwa nyuma ya soko la Lewisham, na siku nyingine zote ulikuwa wa wazee wa mtaa, Waingereza waliokuja kunywa chai, kucheza karata na kutazama filamu za ujana wao. Funguo alishika Doroti, kibibi mwembamba wa kizungu, mwenye sauti ya kuamuru. Hakuwahi kuzaa, lakini mwenye funguo ni mama, basi sisi tulimwita Mama Doroti na yeye akaitika. Majira ya majani kuanguka akatualika wote: Jumamosi alasiri, chai, biskuti, na filamu ya wakati wa vita, ya kuchekesha sana. Mchungaji alipotangaza, jikoni kuliwaka. Wanawake walikuwa wakipika sombe, kisamvu chetu. "Filamu ya vita ya kuchekesha?" alisema Mama Sifa, mwiko juu. "Hawa watu wana akili timamu?" Mwingine akasema labda vita vyao vilikuwa vidogo. "Vidogo! Walipigwa mabomu humu humu, Doroti alinionyesha mahali pale sokoni." "Na wakacheka?" "Ndivyo anavyosema." Hapo wakanyamaza wote, sombe ikachemka peke yake. Mchungaji akakata shauri kwamba jirani akikualika unakwenda, kisha akageuka akanitazama mimi. "Baraka," akasema, "si wewe ulikuwa mfasiri?"

Nilikuwa mfasiri, tena wa kutafutwa! Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Uvira tunajua filamu haitazamwi hivi hivi. Anasimama mfasiri kando ya televisheni, mikrofoni mkononi, na chochote anachosema Mchina au Mmarekani, yeye anakirudisha kwa Kiswahili palepale. Watu waliuliza mlangoni, leo anafasiri nani, na wakisikia si Baraka wanarudi nyumbani. Je, nilijua Kichina? Hata neno. Mfasiri anatazama sura. Mtu akikasirika amekasirika kwa lugha zote, na mume anayedanganya humhitajii kamusi. Unawapa watu majina ya kwetu, unawahamishia mitaa ya kwetu, halafu unaondoka nao. Ikiwa mwisho haulingani na ulichosema mwanzoni, unamlaumu shetani wa filamu. Nikamwambia mchungaji, nipe mikrofoni tu.

Jumamosi ikafika. Wazee wa kizungu wakakaa upande wa kulia na makoti yao, sisi upande wa kushoto na watoto wetu, katikati njia. Yaya alikuja kwa ajili ya kumimina chai, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango, kikwembe kimezunguka mabega. Safari alikaa mstari wa mwisho, mahali ambapo akigeuka angemwona, na hakugeuka. Zilikuwa zimebaki wiki chache ahamie Uskoti. Taa zikazimwa. Sikuwa nimeambiwa filamu inahusu nini, na mfasiri wa kweli haulizi. Ikatokea barabara ya nyumba zilizobanana, kama zile zile za nje, na msichana anapimwa gauni jeupe. Harusi! Kati ya filamu zote za dunia! Lakini mikrofoni ilikuwa mkononi na watu wananitazama, basi nikaanza: "Huyu ni Riziki, wa mtaa wa Kimanga, anaolewa leo na mwanajeshi aliyepewa ruhusa ya siku mbili, kesho kutwa anarudi vitani." Akaja mlinzi wa mtaa, mnene, na kofia ya chuma na filimbi, huyo nikamwita Komanda Mafuta, watu wakaangua kicheko. Ikaletwa keki ya ghorofa tatu, wakaifunua, kumbe ni boksi tupu lililopakwa chokaa, maana sukari haipatikani, na chini ya boksi kuna kikeki cheusi ukubwa wa ngumi. Keki hiyo ya boksi mtaa mzima unaiazima kwa zamu. Wanawake wetu walipiga makofi kwa kuijua hali hiyo. Mama Sifa akasema kwa sauti, "Kama suti ya Mzee Kabwe!" Kweli, kwetu kulikuwa na suti moja iliyooa wanaume wa mtaa mzima.

Kisha padri wa kwenye filamu akafungua kinywa, na king'ora kikalia. Nyuma yake ngurumo za ndege. Upande wa kulia wazee walikwisha kuanza kucheka, kwa kuwa waliijua filamu na walijua kinachokuja. Upande wetu, kimya. Uvira hatukuwa na king'ora, risasi ndizo zilizotuarifu, lakini mtu anayekimbia ana sura moja dunia nzima. Mama mmoja alimvuta mtoto wake chini ya kiti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nami, Baraka wa kutafutwa, nilisimama na mikrofoni na ulimi umekuwa ubao. Nilikuwa namtafuta yaya gizani, nikidhani ameshatoka, ameshafika kituo cha basi, hatarudi humu wala kwa Safari. Kwenye skrini watu wa harusi walikuwa wanasukumana kushuka handakini, na katikati yao, naapa, mwanamume mmoja akatoka mbio amebeba kiti.

"Wewe!" Sauti ilitoka mlangoni. "We mjinga, acha hicho kiti!" Ilikuwa ya yaya. Alikuwa anakuja kwenye njia ya katikati, birika la chai mkononi, anamwelekezea kidole mtu wa kwenye skrini. "Bebeni sufuria! Viti acheni! Viti vitawalisha? Na wewe bibi harusi, gauni lishike kwa kushoto, usitazame nyuma, utaanguka!" Na yule bibi harusi, kana kwamba amesikia, akalikunja gauni kwa mkono wa kushoto akaruka ngazi. Wee! Ukumbi ulipasuka. Kwanza Mama Sifa, kisha wote, kicheko cha kushika mbavu, cha kupiga mapaja, watu waliopoteza nyumba na watoto wakimcheka mtu mwenye kiti, nami nikicheka kuliko wote, kwa sababu mtu mwenye kiti nilikuwa mimi. Nimeona mambo katika maisha yangu. Sijaona tena kitu kama kile. Yaya akafika mbele, akanipa birika, akachukua mikrofoni.

Alifasiri yeye. Kila king'ora kilipolia, na kililia tena na tena, aliwapanga watu wa kwenye filamu kama jemadari: mwenye mtoto mbele, mzee katikati, sufuria ishikwe kwa mfuniko. Wazee wa kizungu wakaanza kuuliza huyu mama anasema nini kinachowachekesha wenzetu hivi, na mimi kwa kile Kiingereza changu nikawaambia, anasema acha viti, beba sufuria. Babu mmoja akapiga goti lake: "Kwetu ilikuwa birika! Mama alibeba birika!" Basi ikawa kila upande unapiga kelele vitu vya kubeba. Filamu ilisimamishwa katikati kwa ajili ya chai, kwa kuwa wazee wale saa ya chai haiwapiti hata mbingu zianguke. Hapo yaya, jasho likimtoka, akanivuta kwa Mama Doroti. "Muulize aliwezaje kucheka." Nikauliza nilivyoweza, kwa mikono na kwa macho. Mama Doroti akaweka kikombe chini. Alisema filamu hii ilipotoka alikuwa mtoto, na walikwenda kuitazama yeye na mama yake, siku chache baada ya kufiwa na kaka yake kwa bomu. Katikati ya filamu king'ora cha kweli kikalia nje. Mwenye ukumbi akapanda jukwaani akasema anayetaka kwenda handakini aende. Hakuna aliyeondoka. Bwana mmoja tu aliinuka, akakimbia nyumbani kumleta mkewe naye aone. "Mama alinishika mkono, anacheka huku analia," alisema. "Tulitaka kujua kama wataoana." Mchungaji akininong'onezea maneno yaliyonipita, nikamfasiria yaya yote, mara hii bila kuongeza langu. "Na walioana?" yaya akauliza. Mama Doroti akamwonyesha skrini kwa kidevu. "Tazama."

Walioana. Walifungishwa ndoa humo humo handakini, bwana harusi ana tope hadi masikioni, maji yanavuja kutoka darini na keki ya boksi imegeuzwa chini juu kuyakinga, padri anapiga kelele kushinda ndege, na safari hii hakuna aliyekimbia, amina ikasemwa. Wanawake wetu walipiga vigelegele hata wazee wakashtuka kwenye viti, kisha vibibi viwili vitatu vikajaribu navyo, vikatoa mlio wa kuku. Yaya alikuwa bado ameshika mikrofoni lakini hasemi kitu, machozi yanamtiririka. Baadaye nikamkuta jikoni anaosha vikombe. Safari akaingia na sinia la vyombo vichafu, akaliweka, akawa anaondoka kama kawaida yake. "Safari," yaya akasema bila kugeuka, "mwambie bosi wako atafute mwingine. Lakini harusi ni humu ukumbini, na mimi nakaa karibu na mlango." Safari akajibu, "Tutang'oa mlango wenyewe ukitaka." Hapo lile sinia, nililokuwa nimeliokota bila hata kuwa na kazi nalo, likanianguka.

Walifunga ndoa kabla ya Krismasi. Yaya hakuwa na wajomba wa kumsemea kwenye posa, basi Mama Doroti na yule babu wa birika walikaa upande wetu, wamenyooka kama majaji, na kila Mama Sifa alipowakanyaga mguu walisema "hapana" kwa Kiswahili, kama walivyofundishwa, hadi upande wa Safari ukapandisha ahadi zake. Wazee wakatengeneza keki ya boksi, ghorofa tatu, nyeupe pe. Chini yake mlikuwa na mkate wa kusukwa wa Safari. Yaya alikaa karibu na mlango na gauni jeupe, na nilimwona anavyohesabu watu kwa macho, uso umekauka. Mchungaji akafungua kinywa. Na wakati huo huo, jikoni, wanawake waliokuwa wanakaanga makayabu kwa mafuta ya moto sana, wale samaki wetu wa chumvi wanaotoa moshi kuliko tanuri, wakaiamsha alamu ya moto. Ikalia! Kali, ya kutoboa kichwa. Wote waliotoka kwetu walisimama kwa pamoja. Nikamtazama yaya na nikajua, hapa ndipo. Ama mwanamke huyu atapona leo, ama hatapona tena. Akainuka. Akakunja gauni kwa mkono wa kushoto. "Bebeni sufuria!" akapaza sauti. "Viti acheni!"

Tukatoka. Barabara ile ya nyuma ya soko haijaona kitu kama kile: kwaya na sufuria za sombe vichwani, Mama Doroti na boksi la keki, babu na birika, na kila mtu anacheka, anacheka kwa sauti. Mimi mikono yangu ilikuwa mitupu, nimeiinua juu ili yaya aone. Kwa mkono wa kulia alikuwa amemshika Safari, amemshika hasa, vidole vimekuwa vyeupe. Alamu ikanyamaza. Tukatazamana, tukajikuta tupo wote. "Endelea, mchungaji," yaya akasema palepale kwenye baridi, na amina ikasemwa katikati ya barabara, mbele ya basi lililosimama kutupisha, dereva akipiga honi kwa furaha.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Jumamosi iliyopita, siku ya kumaliza matanga, Riziki alipowasha televisheni kubwa ya sebuleni. Mama Doroti na wenzake wamekwisha kutangulia. Mama Sifa alikuwepo, na fimbo. Watoto wa yaya na wajukuu wakakaa chini kwenye zulia, na Safari pale pale kwenye kochi lake, chai yake imepoa. Wakanisukuma nisimame kando ya skrini, nikasimama, na maneno yakaja yenyewe, mtaa wa Kimanga, Komanda Mafuta, na wajukuu wakacheka pale pale tulipocheka sisi. Kisha padri akafungua kinywa, king'ora kikalia, nikafungua na mimi changu, na hakikutoka kitu. Mahali pale si pangu. Pale ni pa yaya. Watu wa harusi wakaanza kukimbia na mimi nimesimama tu, hadi Riziki, mtoto wa Kiingereza kitupu, aliyepewa jina la yule bibi harusi, akasimama kutoka kwenye zulia akapaza sauti kwa Kiswahili chenye kigugumizi cha London: "Viti acheni! Bebeni sufuria!"

Kutoka dirishani tukasikia kitu kama kikohozi. Alikuwa Safari. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, machozi yanaingia kwenye ndevu. Akanyoosha mkono, akamshika binti yake.

"Umekosea, mama," akasema. "Sufuria ndiyo kwanza."